Mali ya Asiyedaiwa

Dawa ya deni ni kulipa. Wazee wetu walikwisha kulisema hilo, nami sina ugomvi nalo. Mtu akikopa, akashitakiwa, akashindwa, na bado akakunja mikono, basi mahakama ina haki ya kumtuma dalali akakamate mali yake, iuzwe, na mwenye kudai apate chake. Bila ya hivyo hukumu ingekuwa karatasi tu, na mnyonge aliyedhulumiwa mshahara wake angekufa na karatasi hiyo mkononi. Siandiki kurasa hizi kuwatetea wadaiwa sugu. Naandika kwa ajili ya mtu mwingine kabisa: mtu ambaye hakukopa, hakudhamini, hakushitakiwa wala hakuhukumiwa, na ambaye siku moja anakuta mali yake inapakiwa garini kwa deni la mwenzake.

Mtu huyo wanasheria humwita mtu wa tatu. Jina lenyewe linamdunisha. Wa kwanza ni mdai, wa pili ni mdaiwa, naye ni wa tatu, kana kwamba amekuja kudandia shauri la watu. Lakini tukitazama vizuri tutaona kwamba katika habari ya mali yake yeye ndiye wa kwanza, na hao wawili ndio waliomdandia.

Mchafukoge ni mahali pazuri pa kuyafikiria mambo haya. Kata hii ya Ilala imekaa katikati ya mji wa Dar es Salaam, na ukivuka Mnazi Mmoja unaingia Kariakoo. Wakoloni waliuacha uwanja ule ili uitenge Uhindini na Uswahilini. Biashara imeziunganisha sehemu hizo mbili siku nyingi. Na katika mitaa hii mali haikai na mwenyewe. Jengo ni la mmoja, duka ni la mwingine, bidhaa zilizomo ni za watu watano, na barazani amekaa fundi cherehani ambaye hana undugu na yeyote kati yao. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo yaliyokuwa yakipangishwa yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ikayaweka chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi hiyo ikahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo maana utamkuta mtu amefanya biashara katika jengo moja miaka thelathini, kila mpita njia analiita kwa jina lake, na yeye hamiliki hata tofali moja.

Bidhaa nazo ni hivyo hivyo. Mwenye duka la jumla humpa mwenye duka dogo mzigo kwa mali kauli: chukua, uza, kisha ulete hesabu. Hakuna karatasi, au kama ipo ni ukurasa mmoja wa daftari la kaunta. Duka linaonekana limejaa, na mwenye duka anaonekana tajiri, kumbe nusu ya kilichomo rafuni ni amana. Msafiri kutoka mkoani naye ameacha marobota yake mawili nyuma ya kaunta mpaka basi la alfajiri. Mteja ameacha kitambaa cha sare za harusi. Huu ndio uchumi wa Mchafukoge na Kariakoo, umejengwa juu ya kuaminiana, na umelisha mji huu kabla ya mabenki na baada yake.

Sasa katika uchumi wa namna hiyo mlete dalali wa mahakama na amri ya kukamata mali. Amri ina jina la mdaiwa. Mali haina jina. Dalali anaangalia kilichomo ndani ya kuta nne na kusema: kilichomo humu ni cha huyu. Hana muda wa kuuliza, na sitamlaumu sana, kwa sababu kazi aliyopewa ni kukamata na si kuamua. Waamuzi wako mahakamani. Ugomvi wangu unaanzia hapo.

Sheria yetu ya Mwenendo wa Madai ilitungwa mwaka 1966, ikachukua nafasi ya ile ya India ya mwaka 1908 ambayo Waingereza waliitumia Tanganyika. Maneno mengi yalihamishwa kama yalivyo. Humo, katika Amri ya 21, imo kanuni ambayo mawakili wameijua kwa miaka mingi kama kanuni ya 57. Inasema kwamba mali ikikamatwa ili kukazia hukumu, na mtu akaja akadai kwamba mali hiyo haikupaswa kukamatwa, mahakama lazima ilichunguze dai lake, isipokuwa ikiona kwamba amelichelewesha kwa makusudi au pasipo sababu. Hapo ni pazuri. Mtu huyo atatakiwa aonyeshe kwamba siku mali ilipokamatwa alikuwa na haki fulani ndani yake au alikuwa ameishika. Hilo nalo ni sawa, maana mwenye kudai chake na aonyeshe. Kisha linakuja suala la mnada. Ikiwa mali imekwisha kutangazwa kuuzwa, kanuni inasema, mahakama inaweza kuahirisha mnada huo wakati uchunguzi unaendelea.

Inaweza! Naomba ndugu msomaji ulishike neno hilo, maana nyumba za watu zimepotelea ndani yake. Sheria yetu ya Tafsiri ya Sheria inalieleza bila kificho: neno hilo likitumika kumpa mtu mamlaka, maana yake ni kwamba ana hiari ya kuyatumia au kutoyatumia; lakini sheria ikisema kwa neno la amri, hapo hakuna hiari. Kwa hiyo kuchunguza ni lazima, ila kusimamisha nyundo ni hiari. Mahakama imebanwa isikilize, haikubanwa isikilize kabla ya kuuza. Ni nani atakayenieleza faida ya kuchunguza ng'ombe ni wa nani baada ya kwisha kuchinjwa, kugawanywa na kuliwa?

Tazama na siku zenyewe. Kabla ya mnada sheria inataka zipite angalau siku 15 kwa vitu vinavyohamishika na siku 30 kwa nyumba na ardhi, tangu tangazo lilipobandikwa mahakamani. Siku hizo zaweza kufupishwa, lakini kwa ridhaa ya nani? Kwa ridhaa ya maandishi ya mdaiwa. Yaani mtu ambaye mali si yake ndiye aliyepewa kalamu ya kufupisha muda wa kuiokoa! Na mwenye mali, ambaye hata hajui kwamba kuna kesi, hakuulizwa. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga, lakini walikuwa wakimwonya mtu asiende mbali na shauri lake. Hawakukusudia iwe kanuni ya mahakama.

Nilipata kumfahamu fundi mmoja aliyekuwa akishona barazani mwa duka la vitambaa katika mitaa hii. Alikuwa akimlipa mwenye duka kodi ya baraza kila mwezi, na jioni aliziingiza cherehani zake mbili ndani ya duka zisilale nje. Mwenye duka alishindwa kesi ya deni. Asubuhi moja walikuja na gari, wakapakia marobota, rafu, feni, na cherehani mbili pamoja na mfuko wa nguo za wateja zilizokwisha kukatwa. Fundi aliwaonyesha risiti. Akaambiwa kwa upole kabisa, maana hata uonevu siku hizi una adabu zake, kwamba mambo ya risiti ni ya mahakamani. Akaenda. Alimtafuta mtu wa kumwandikia maombi na hati ya kiapo, akalipa ada, akapangiwa tarehe ya kusikilizwa. Tarehe aliyopangiwa ilikuwa siku tisa baada ya tarehe ya mnada. Aliomba mnada usubiri. Akaambiwa ombi hilo nalo litasikilizwa siku hiyo hiyo ya maombi mengine. Siku ilipofika hakimu alimsikiliza kwa makini, akaisoma risiti, akakubali kwamba cherehani zilikuwa zake. Zilikwisha kuuzwa. Kesi aliishinda na cherehani hakupata. Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akishona kwa kukodi mashine ya mwenzake, na wale wateja wa mfuko wa nguo wakimfuata yeye, si dalali.

Kisa hiki kina kichekesho kimoja kichungu. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu kilichojulikana kwa miaka mingi kama cha 48, inakataza kukamata vyombo vya kazi vya fundi. Pia inakataza kukamata nguo za lazima, vyombo vya kupikia na matandiko ya mdaiwa, mkewe na watoto wake. Ni sheria yenye huruma, na naipongeza. Lakini huruma yake imemwelekea mdaiwa. Laiti fundi yule angekuwa yeye ndiye mwenye deni, cherehani zake zingelindwa tangu mlangoni. Kwa kuwa hakudaiwa hata senti, zilichukuliwa kwanza, naye akaambiwa aende akathibitishe. Je, tumefika mahali ambapo ni salama zaidi kuwa mdaiwa kuliko kuwa jirani wa mdaiwa?

Wengine watasema cherehani ni kitu kidogo. Mimi sikubali, kwa kuwa cherehani mbili ni ada za shule na chakula cha jioni, lakini tuiache. Tuichukue nyumba. Tuseme ipo nyumba ya urithi, ile ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na uani nyuma. Baba amekufa. Kaka mkubwa ameteuliwa msimamizi wa mirathi, na jina lake limeingia katika hati kwa sababu lazima liingie jina la mtu. Kaka mwenyewe anakaa Mbezi na familia yake. Nyumbani wanakaa dada zake wawili, mmoja ameachika na mwingine mjane, na vyumba viwili wanapangisha ili wale. Kaka anafanya biashara, biashara inakufa, anahukumiwa kulipa. Aliyeshinda kesi anachungua hati, anaona jina, anaomba nyumba ikamatwe.

Sheria inalinda pia nyumba ya makazi anayokaa mdaiwa pamoja na mkewe na watoto wanaomtegemea. Kwa hiyo nyumba ya Mbezi, kama hakuiweka rehani, ina kinga. Ya urithi haina kinga hiyo, kwa sababu mdaiwa hakai humo. Wanakaa dada zake. Mwenye deni atalala kwake kwa kinga ya sheria, na wasio na deni watatolewa vitanda vyao nje mbele ya wapangaji wao. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa sheria imepitiliza: mchumaji amesazwa, na wa kwao ndio wanaolishwa.

Nao mara nyingi ni wanawake. Kwa sheria yetu ya ndoa ya mwaka 1971, ndoa haibadilishi umiliki wa mali. Lakini mali iliyopatikana katika ndoa kwa jina la mume huchukuliwa kuwa ni ya mume mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sheria hiyo inamkataza mume kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke, na inamhesabu mke kuwa ana haki ndani yake inayoweza kulindwa kwa kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikwisha kutamka, katika shauri lililotajwa sana tangu hapo, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Haya yote ni mazuri. Lakini ni wanawake wangapi wa mitaa hii waliokwenda kuweka zuio dhidi ya waume zao wakati ndoa ina amani? Anayefanya hivyo leo, kesho ataulizwa na wakwe zake ana nia gani. Basi haki yake inabaki moyoni mwake na jikoni mwake, mpaka siku tangazo linapobandikwa ukutani. Na kwa miaka mingi tangazo hilo, lilipotoka katika mahakama zilizo juu ya zile za mwanzo, aghalabu liliandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ndipo Bunge lilipobadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Nitaambiwa kwamba sheria haikumwacha mtu huyo bila ya njia. Pingamizi lake likikataliwa anaweza kufungua kesi ya kawaida kuthibitisha haki yake. Nyumba ikiuzwa kwa kasoro kubwa au kwa hila, na akaumia, anaweza kuomba mauzo yatenguliwe kabla hayajathibitishwa. Kwa vitu vinavyohamishika, hata hivyo, kasoro ya mnada haivunji mauzo. Aliyeumia na akadai fidia. Zote hizi ni njia, sikatai. Lakini tazama zinaanzia wapi. Zinaanzia baada ya mtu kupoteza. Aliyekuwa ndani sasa yuko nje, na aliye nje ndiye anayetakiwa kutafuta wakili, ada, mashahidi na miaka.

Tena atakapofika huko atakutana na mtu wa nne, mnunuzi. Na hapa sheria ina ndimi mbili. Ulimi mmoja unasema kwamba mahakama katika mnada huuza haki ya mdaiwa tu, kama anayo, na haimpi mnunuzi zaidi ya alichokuwa nacho mdaiwa. Ulimi wa pili unasema kwamba mnunuzi wa nia njema, aliyetoa fedha yake hadharani katika mnada wa mahakama, lazima alindwe, la sivyo hakuna atakayekuja mnadani tena. Kila ulimi una hoja yake. Lakini katikati ya ndimi hizo mbili yumo mwenye mali, na hatima yake inategemea ni ulimi upi utakaosema siku hiyo. Mahakama ndiyo iliyomleta mnunuzi huyo. Imemwita kwa kengele na tangazo. Haifai kuwapiganisha watu wawili wasio na hatia kisha kusimama kando kama mwamuzi.

Wala aliyeshinda kesi asidhani kwamba haraka hii inamfaa. Nani hununua nyumba ambayo kuna mwanamke amesimama mlangoni akipiga kelele kwamba ni yake? Mnunuzi mwenye busara hufunga mkoba wake akaondoka. Wanaobaki ni wale waliozoea kununua kesi, na bei ya nyumba yenye kesi ni bei ya kutupa. Nyumba inakwenda kwa nusu ya thamani yake, deni halimaliziki, mdaiwa bado anadaiwa, mdai bado anadai, na familia iko nje. Dai la mtu wa tatu likisafishwa kwanza, nyumba itauzwa kwa bei ya nyumba, au itaachiwa kwa wenyewe. Jina Mchafukoge masikioni mwa Mswahili lasikika kama amri kwa mchafu aende akaoge. Basi mali yenye dai juu yake na ikaoge mahakamani kwanza, ndipo iletwe mnadani.

Sasa niwajibu wanaonipinga, maana wapo, na hoja yao si ya kitoto. Wanasema: wewe huwajui wadaiwa. Siku ya mnada ikikaribia, mdaiwa hutoa mke ambaye hakupata kuonekana, shemeji mwenye mkataba wa mauzo uliokolezwa chai uonekane wa zamani, na rafiki anayeapa kwamba gari ni lake. Kila pingamizi likisimamisha mnada, hakuna hukumu itakayotekelezwa nchini humu. Na aliyeshinda kesi naye ni mtu. Huenda ni yaya aliyenyimwa ujira, au mzee aliyeuziwa kiwanja hewa. Ngoja ngoja yaumiza matumbo.

Naikubali kila chembe ya maneno hayo, ila hitimisho lake. Kwanza, kuahirisha si kuachia. Mali iliyokamatwa inabaki imekamatwa. Nyumba haikimbii; cherehani ziko ghalani kwa dalali. Anachopoteza mdai mkweli ni siku chache, na siku hulipika kwa riba na gharama. Anachopoteza mwenye mali mkweli ni mali yenyewe. Ukipima hasara hizi mbili kwenye mizani ya duka lolote la Kariakoo, hata mtoto wa kutumwa ataona upande uliozama. Pili, ujanja wa waongo hautibiwi kwa kuwauzia wakweli mali zao. Unatibiwa kwa kuwasikiliza wote upesi na kuwaadhibu waongo kwa ukali. Hati ya kiapo ni kiapo. Anayeapa uongo ametenda kosa la jinai. Kama mahakama zetu zingewashitaki mashemeji wa chai wachache tu, ujanja huu ungepungua katika mji mzima. Na tatu, kinga dhidi ya wachelewaji imo tayari: mahakama yaweza kukataa kuchunguza dai lililocheleweshwa kwa makusudi.

Hatutakuwa wa kwanza kuitengeneza sheria hii. India, ambako kanuni zetu zilitoka, ilizibadili mwaka 1976. Huko sasa mahakama inayokazia hukumu ndiyo inayolimaliza dai lote, pamoja na swali la umiliki, na uamuzi wake unakatiwa rufani kama hukumu nyingine. Dai likishasikilizwa na kuamuliwa, hakuna tena kumwambia mtu aanze kesi mpya. Hiari ya kuahirisha mnada imebaki, lakini kwa nyumba na ardhi mahakama inaweza kuagiza isiuzwe kabisa mpaka dai limalizike, au iuzwe bila ya mauzo kuthibitishwa. Majirani zetu wa Kenya, katika kanuni zao za mwaka 2010, waliugeuza mzigo: pingamizi likishawekwa, mdai hutakiwa aseme kwa maandishi ndani ya siku 7 kama bado anaing'ang'ania mali hiyo, na mahakama inaweza kusimamisha utekelezaji kwa siku zisizozidi 14, akinyamaza, mali inaachiwa. Uingereza yenyewe, katika sheria yake ya mwaka 2007, inamkataza mkamataji kuuza bidhaa baada ya kupewa taarifa ya maombi ya mtu wa tatu, mpaka mahakama iagize. Na ili kuwafukuza waongo, mwombaji hutakiwa aweke mahakamani fedha yenye thamani ya bidhaa hizo, au sehemu yake kama mahakama itakavyoelekeza. Yaani waliotupa nguo hii wamekwisha kushona nyingine, na sisi bado tunaivaa ile ya babu.

Ninachodai ni kidogo. Neno linaweza litoke, liingie neno la amri: dai likiwekwa kwa kiapo kabla ya mnada, mnada utaahirishwa. Uchunguzi ufanyike na kumalizika ndani ya siku 30, na siku hizo ziwe amri kwa mahakama kama zilivyo amri kwa mwananchi anayekata rufani. Anayedai vitu vya thamani kubwa aweke dhamana, lakini fundi wa barazani asamehewe dhamana kwa sababu hana. Dalali aandike orodha mbele ya waliopo, na mtu akitamka palepale kwamba kitu ni chake, maneno hayo yaandikwe katika orodha hiyo na kufikishwa kwa hakimu. Ridhaa ya kufupisha siku za tangazo isitolewe na mdaiwa peke yake. Na mahakama ikikuta dai lilikuwa la uongo, mwongo alipe gharama zote na apelekwe polisi.

Nasi tulio nje ya mahakama tuna letu la kufanya, maana sheria haiwezi kumlinda mtu asiyejilinda. Mali kauli ni jambo jema, lakini iandikwe, hata mistari mitano, na iseme wazi: nimekukabidhi uniuzie, na mpaka uiuze ni yangu. Tofauti hiyo ni kubwa mno. Kama ulimuuzia kwa mkopo, mzigo umekuwa wake, nawe umekuwa mdai mwingine tu katika foleni. Kama ulimkabidhi, mzigo bado ni wako. Fundi na aweke risiti ya cherehani mahali pasipo dukani. Warithi wasiiache nyumba katika jina la mmoja kwa miaka ishirini eti kwa sababu sisi ni ndugu. Udugu haukamatwi na dalali, nyumba hukamatwa. Mke na aijue njia ya kwenda kwa Msajili wa Hati. Na tangazo likibandikwa, mtu asikae kungoja kikao cha ukoo. Aende siku hiyo hiyo, na katika maombi yake asisahau kuomba mnada usimamishwe, kwa sababu asipoomba hilo atasikilizwa vizuri sana baada ya mali kwisha kuuzwa.

Katiba yetu, katika ibara ya 24, inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na hifadhi ya mali yake kwa mujibu wa sheria, na ibara ya 13 inampa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu haki zake zinapoamuliwa. Sioni popote palipoandikwa kwamba haki hizo ni za mdai na mdaiwa tu. Kusikilizwa kuna wakati wake. Maneno yanayosikilizwa baada ya nyundo kugonga ni rambirambi. Mwenye deni na alipe. Akikaidi, auziwe chake hata kikombe cha mwisho ambacho sheria inaruhusu. Lakini kwanza ijulikane kwamba ni chake.